Nilivyomzoesha Tomi kujisaidia nje

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo kwa muda mrefu. Kibofu chake ni kidogo na misuli haijakomaa, kwa hiyo ukikuta dimbwi katikati ya sebule, si kwamba amekudharau. Daktari wa mifugo alinipa kipimo cha kukadiria: kwa kila mwezi wa umri wake, tarajia avumilie kama saa moja. Wa miezi miwili, saa mbili, na hapo awe amelala au ametulia. Akiwa kwenye michezo, hata nusu saa ni ndefu.

Naishi Tanga, Chumbageni, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja wa pamoja. Kwetu Kilimanjaro mbwa ni wa nje, analala bandani pembeni ya migomba na hakuna anayejiuliza anajisaidia wapi. Hapa Tomi ilibidi akae ndani, tena katikati ya majirani ambao kwao mbwa si jambo dogo.

Mlango wa pili anakaa mama mtu mzima, mwenyeji wa hapa, mtu wa swala tano. Kabla Tomi hajaletwa nilikwenda kumwamkia na kumweleza. Hakunikatalia. Alinifahamisha taratibu kwamba kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa na umajimaji wake ni najisi nzito, na kilichopatwa nao kinaoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo.

"Fuga mwanangu, sikukatazi. Ila asinipitie barazani, wala pale ninapoanika nguo."

"Nimekuelewa mama, hatapita."

Ahadi hiyo ndiyo iliyopanga kila kitu. Nilitenga kona moja tu nyuma ya tangi la maji, upande wa mlango wangu wa jikoni, nikamwaga mchanga, na Tomi hakuwa anatoka bila kamba shingoni. Daktari naye alikuwa na sababu yake ya kuipenda kona hiyo. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha watoto wa mbwa hadi kuwaua, hukaa udongoni miezi mingi, na chanjo yake, inayoanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16 hivi. Kabla ya hapo hafai kukanyaga jalalani au popote wanapopita mbwa wa mtaani. Uani kwetu hawaingii.

Baada ya hapo kazi kubwa ilikuwa kumsoma. Kuna nyakati ambazo hazina mjadala: akiamka tu, akimaliza kula, akitoka kucheza. Chakula kikiingia tumboni utumbo nao unaamka, kwa hiyo nilimpa ugali laini na dagaa kwa saa zile zile, mara tatu kwa siku, na bakuli likaondolewa akishiba. Anayekula hovyo siku nzima atajisaidia hovyo siku nzima. Maji sikumnyima, kwa joto la Tanga huo ungekuwa ukatili; niliyaondoa muda mfupi tu kabla ya kulala.

Nje ya nyakati hizo unamtazama yeye. Yuko anatafuna kandambili, ghafla anaiacha. Pua inashuka sakafuni, anavuta pumzi fupi fupi, anasogea hatua mbili, anageuka, anarudi pale pale akizunguka, na makalio yanaanza kushuka. Hapo huna muda wa kumalizia ulichokuwa unafanya. Nilikuwa namnyanyua, maana akiwa mikononi mara nyingi anabana, na moja kwa moja hadi konani. Nikifika nasimama kimya, simchezeshi, nasema "kojoa" mara moja. Akimaliza anapata kipande cha dagaa pale pale, mchanga ukiwa bado umelowa. Ukisubiri mpaka mrudi jikoni, anadhani amezawadiwa kwa kuingia ndani.

Walikuwepo walionishauri nimsugue pua kwenye mkojo wake au nimchape na ndara. Sikukubali na sitakubali. Mbwa aliyepigwa hajifunzi kwamba sakafu si mahali pake. Anajifunza kuogopa kujisaidia mbele yako. Matokeo yake ni kwamba mkiwa nje anabana, mkirudi anajificha nyuma ya kochi.

Kusafisha kunahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbwa hurudi kwenye harufu yake. Dawa ya sakafu yenye amonia haifai kabisa, inanukia kama mkojo wenyewe. Mimi nilikuwa nakausha kwanza kwa tambara, nikilikandamiza hasa kwenye mianya ya vigae, kisha maji ya sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu, na mwisho nakausha tena. Siki usiichanganye kamwe na blichi, hutoa gesi ya klorini ambayo ni hatari kuivuta. Kinyesi cha konani nilikiondoa kila siku na kukifukia mbali, kwani mayai ya minyoo ya mbwa huwapata watoto wanaochezea udongo, na uwanja wetu una watoto.

Usiku alilala kwenye sanduku la mbao karibu na kitanda changu, lenye nafasi ya kugeuka na kujinyoosha tu. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, ila sanduku likiwa kubwa mno atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili. Akilia usiku wa manane tunatoka, bila taa nyingi wala maneno, tunarudi kulala.

Masika ilipoingia akagoma kukanyaga mchanga uliolowa. Nilifunga kipande cha turubai juu ya kona, na nikawa natoka naye chini ya mwavuli.

Alipokuwa ameshazoea kabisa, akaanza tena kukojoa ndani, matone madogo madogo, kila mara. Sikumgombeza, nilichukua mkojo kwenye kichupa safi nikampeleka kwa daktari. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, akaandikiwa dawa na akarudia utaratibu wake. Ukiona mbwa wako aliyefunzwa amebadilika ghafla namna hiyo, nenda kwa daktari kabla ya kuanza mafunzo upya. Sasa hivi Tomi akibanwa anakwangua mlango wa jikoni, na kilichobaki ni wageni tu: mtu akimwinamia kwa kishindo, anavujisha kidogo kwa woga. Kwa hiyo nawaomba wamkute nje, wachuchumae, wamwache awanuse kwanza.