Barua ya wakili, na kinasa sauti kilichobaki kwangu

Jumanne jioni nilifungua barua pepe nikakuta kiambatisho cha kurasa 2, juu yake nembo ya ofisi ya mawakili. "Tumeagizwa na mteja wetu..." Sikuisoma kwa mpangilio. Macho yalirukia maandishi yaliyokolezwa: bei ya bidhaa, riba, gharama za wakili, siku 14, la sivyo mahakamani. Vidole vilikufa ganzi. Tangu nizaliwe sijawahi kuandikiwa barua ya kudaiwa.

Chanzo ni kinasa sauti. Kazi yangu ni kuwahoji watu, na nilichokuwa nacho kilikuwa kimechoka, nikaagiza kingine mtandaoni, kimeandikwa kipya. Kilipofika, boksi lilikuwa safi, lakini kioo hakikuwa na ile plastiki yake, na nilipokiwasha kilionyesha faili moja. Nikaisikiliza. Mwanamume anamwelekeza mtu njia, kata kushoto, uliza mbele, kisha mlango unafungwa, kisha kimya kirefu. Dakika 4 na sekunde kidogo. Tarehe ya faili ilitangulia siku niliyolipa kwa wiki 7.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha ya kioo chenye tarehe ile, nikamwomba anwani ya kukirudisha. Akajibu kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Nikaandika tena, kimya. Nilikuwa nimelipa kwa kadi, ndipo nikapeleka pingamizi la malipo benki, yaani nikaomba malipo yale yabatilishwe, nikarudishiwa fedha zangu. Nikaona yamekwisha.

Usiku ule wa barua niliandika jibu refu, kali, lenye maneno kama wizi na utapeli. Kabla ya kulituma nikampigia dada, ambaye amekuwa karani wa mawakili miaka mingi. Hakuuliza nani mwenye kosa.

"Ina namba ya kesi? Ina muhuri wa mahakama?"

"Haina, dada."

"Basi hiyo ni barua ya madai, siyo samansi. Samansi ukiipuuza, hukumu inaweza kutolewa wewe hujasikilizwa. Hii ni mtu anadai. Lakini usiinyamazie, na leo usijibu. Kesho tafuta mwenyewe namba ya ofisi hiyo, usitumie iliyo kwenye barua, uhakikishe wapo na wamekuandikia kweli."

Nilipiga. Wapo, na barua ni yao.

Siku 2 zilizofuata nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma kuhusu kadi yangu mwenyewe. Nilitaka kujua kama nimevunja sheria kwa kupinga malipo. Sikuvunja. Visa na Mastercard zina taratibu za jambo hili. Kwa madai mengi ya bidhaa isiyofika au isiyolingana na maelezo, muda ni siku 120, na mimi nilikuwa ndani yake. Zipo nchi zilizoliweka jambo hili katika sheria zamani, kabla intaneti haijawa soko. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60 kulalamika kwa maandishi kuhusu kosa kwenye taarifa ya akaunti yake, na ya Uingereza ya mwaka huohuo, katika kifungu cha 75, inaweza kumfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji.

Lakini kuna lililoniuma. Benki si hakimu. Inaamua fedha zikae upande gani kwa kanuni za kadi, haiamui nani anamdai nani. Muuzaji akishindwa huko, mlango wa mahakama bado uko wazi kwake. Na barua yake, pamoja na vitisho vyote, ilikuwa na sentensi moja ya kweli: nimebaki na bidhaa na fedha pia. Nilifungua droo. Kinasa sauti kilikuwa pale, chini ya waya za chaji. Nilikuwa nimekiweka na kukisahau, kana kwamba fedha kurudi kulikifanya kuwa changu. Aibu niliyoisikia hapo ilizidi ile hofu ya Jumanne.

Jibu nililotuma siku ya tano lilikuwa nusu ukurasa. Lile la hasira nililifuta lote. Niliandika tarehe niliyoagiza, tarehe nilizowaandikia, na jibu lao lilivyosema. Nikakana kwamba nadaiwa kiasi kile, nikaomba mchanganuo wake na masharti ya mauzo yanayowapa haki ya riba. Nikaeleza kwamba kinasa sauti kipo kwangu, sikitumii, na niko tayari kukirudisha mara watakaponipa anwani, wao wakibeba gharama ya usafirishaji. Mwisho, kwamba nayaandika haya bila kuathiri haki zangu. Nilishawishika sana kuongeza kwamba nitalipa kidogo ili yaishe. Dada alikataa katakata: kulipa sehemu kunaweza kuchukuliwa kuwa nimekiri deni.

Ushahidi ulinisumbua zaidi ya barua. Ile sauti ndiyo iliyothibitisha kwamba kifaa kilishatumika, lakini yule mwanamume hakuniruhusu, wala hajui kwamba maneno yake yako mikononi mwangu. Kazini sirushi sauti ya mtu bila idhini yake. Nikaambatisha picha tu, inayoonyesha tarehe na urefu wa faili, na barua pepe zetu. Faili yenyewe sijaigusa. Nikiifuta nitakuwa nimeharibu ushahidi, na wakiitaka mahakamani watasikiliza wanaopaswa kusikiliza.

Leo ni siku ya kumi na moja. Jana wakili alijibu mistari 2: amepokea, anasubiri maelekezo ya mteja wake. Nimeirudisha barua ya kwanza kwenye jalada, safari hii nimeisoma mstari kwa mstari. Kinasa sauti nimekitoa droo, nimekifuta vumbi, nimekifunga kwenye boksi lake la awali na waya wake na kile kitabu cha maelezo. Kiko juu ya meza karibu na mlango. Sehemu ya anwani bado nimeiacha wazi.