Mbung'o wa Jozani

Jana nilikuwa kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani huku Unguja, kuchukua sampuli za damu za ng'ombe. Nikamuuliza babu mmoja kuhusu ndorobo, yaani mbung'o, wale nzi wanaonyonya damu na kuambukiza ng'ombe maradhi. Kacheka: "Mjukuu wangu, wale mbung'o walitiwa utasa, wakamwagwa kutoka kwenye eropleni!"

Wallahi hajakosea. Wazo ni la Edward Knipling, Mmarekani, tangu miaka ya 1930, alipokuwa akihangaika na nzi wa vidonda vya mifugo. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipata dume tasa, basi tena. Madume yakafugwa Tanga, yakapigwa mionzi, na tangu 1994 yakamwagwa Unguja kwa mamilioni. Wa mwituni wa mwisho alinaswa 1996.

Mimi na digrii yangu ya jenetiki, nasomeshwa zizini 😂