Tunavyowasaidia kasuku waliokatwa mabawa waruke tena

Nahudumia kasuku wa kijivu kwenye mradi mdogo wa kuokoa wanyama huku Kivu, mashariki mwa Kongo. Mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa 2016 kule Johannesburg ulizuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini ila magendo bado yapo, so wanatufikia wakiwa wamesongamana kwenye vikapu, manyoya yameganda ulimbo na mabawa yamekatwa kwa mkasi.

Ulimbo hatuukimbilii kabisa, ndege mwenye kiu na hofu ukimshika umuoshe anaweza kukufia mkononi. Kwanza joto, utulivu, daktari anamuongezea maji chini ya ngozi, akishapata nguvu ndo tunapaka mafuta ya kupikia kidogo kidogo mpaka ulimbo ulegee, halafu sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, na lazima akauke vizuri maana baridi ya huku sio mchezo.

Kazi yenyewe sasa ni mabawa. Unyoya uliokatwa haurefuki tena, kile kisiki kinabaki hapohapo mpaka ndege apukutishe mwenyewe na kwa kasuku inaweza kupita mwaka mzima, lakini ukitoka na mzizi, mwingine unaanza kuota ndani ya wiki chache. Ndo maana daktari anamlaza kwa nusu kaputi anavuta visiki vichache tu kwa awamu, coz unyoya mchanga una damu ndani na usipokuwa na mwenzake wa kuukinga unavunjika kirahisi, damu inamwagika.

Bandani hatuongei nao, hata mluzi hatupigi. Inaniuma kwa kweli kwa sababu ni ndege wenye akili sana na wanakuangalia, ila kasuku akizoea watu akiachiwa atamfuata mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na ulimbo. Tunawawekea chikichi, chakula chao cha porini, tunakiweka juu na mbali ili kila mlo aufuate kwa kuruka, kifua kipate misuli.

Kumwachia mmoja mmoja hatukubali, hawa wanaishi kwa makundi, kwa hiyo anayewahi kupona anasubiri wenzake. Wale ambao kiungo cha bawa kimekakamaa wanabaki kwetu moja kwa moja, na wageni wakifika tunawaweka jirani nao, wakisikia sauti za wenzao wanaanza kula mapema zaidi.