Siku Atlantis Ilipopaa kwa Mara ya Mwisho

Redio ya jirani ilitangaza kwamba hesabu ya kurusha chombo imesimama zikiwa zimebaki sekunde 31, na ukingo mzima wa Indian River ukanyamaza. Ilikuwa tarehe 8 Julai 2011, mjini Titusville, Florida. Ng'ambo ya maji, kilomita kama 19 hivi, Atlantis, chombo cha Marekani cha kupeleka watu anga za juu, ilisimama kwenye jukwaa la 39A tayari kwa safari ya 135, ya mwisho kabisa kwa vyombo vile. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametoa asilimia 30 tu ya uwezekano wa kuruka. Watu walikuja hata hivyo, familia kwa familia, wengi wamelala garini.

Mjomba ndiye aliyenipeleka. Ujanani kwao Malindi aliona roketi zilizorushwa na Waitaliano zikipaa kutoka majukwaa ya San Marco, baharini huko Ngomeni.

"Zile zilibeba mitambo," aliniambia. "Hii ina roho za watu, mwanangu. Omba."

Nikaomba. Majina yao niliyajua: Ferguson, Hurley, Magnus na Walheim. Walikuwa wanne, si sita au saba kama ilivyozoeleka, kwa sababu hakukuwa tena na chombo kingine cha kuwafuata. Atlantis ingeharibika huko juu, wangerudi kidogo kidogo kwa Soyuz, vyombo vya anga vya Warusi.

Mafundi walipohakikisha kwa kamera kwamba mkono wa mtambo juu ya tangi la mafuta umejiondoa sawasawa, hesabu ikaendelea. Saa tano na nusu kasoro dakika moja, moto ukawaka.

Televisheni haikuniandaa kwa ukimya ule. Mwanga wa dhahabu, mkali wa kuumiza macho, unapanda, nawe husikii chochote ila watu wanaolia "Nenda! Nenda!" Sauti huhitaji karibu dakika nzima kuvuka umbali ule. Mawingu yalikuwa ya chini, yakaimeza Atlantis kabla mngurumo haujatufikia. Ulipofika hatukuwa na cha kutazama ila nguzo ya moshi, na bado ulitutikisa vifua na vioo vya magari. Sijawahi kusikia sauti nyingine iliyonijaza fahari kiasi kile kwa kazi ya mikono ya binadamu.

Tukaanza kushangilia. Mzee mmoja Mmarekani kando yetu akainua mkono: bado. Aliinamia redio mpaka iliposema kwamba roketi mbili za pembeni zimeachana na chombo salama, hatua ambayo Challenger, chombo mwenzake kilichosambaratika angani mwaka 1986, hakikuifikia. Hapo ndipo alipolia. Alikuwa fundi wa vigae vya kuzuia joto, vile vilivyobandikwa kwa mkono, kila kimoja na namba yake na mahali pake. Kazi yake ilikuwa inaisha.

"Vigae vyangu bado vina kazi," alisema. "Kuwarudisha."

Tarehe 21 Julai, kabla ya jua kuchomoza, Atlantis ilitua kwenye kituo cha anga cha Kennedy, huko huko Florida. Nilimpigia mjomba. Hakungoja hata salamu.

"Wametoka wote wanne?"

"Wote, mjomba."