Hii umeiga wapi?

Maneno matatu, na tangu Jumanne yananikatisha usingizi. Babu Fundi alikuwa kainama chini ya dashibodi ya lori la Austin, tochi kaing'ata kwa meno, kimya, muda mrefu mpaka nikaanza kuangalia bodaboda zinazopita barabarani nisimtazame yeye. Kisha akaitoa tochi mdomoni, akaifuta kwenye shati, akauliza, "Hii umeiga wapi?" Hakuniangalia. Nikajibu, "Hapa hapa, mzee." Akasema, "Haya," akatoka kwa kutanguliza miguu, akaomba maji ya kunawa.

Basi, hakuna zaidi. Wiki hii mdogo wangu kaposwa, umeme umekatika mpaka migebuka ya mama mkwe ikaoza kwenye friji, na Alhamisi tumemzika mjomba wa baba watoto kule Kasulu, lakini mimi nimekaa hapa naandika kuhusu mzee mmoja na tochi yake.

Babu Fundi mnamjua. Ndiye aliyenipokea Ujiji nikiwa sijui hata kushika mita, wakati gereji nyingine walikuwa wananituma chai. Sifa haimtoki bure. Akikwambia "si mbaya" unapitia buchani kununua nyama. Ndiyo maana nilimwita aje kuikagua kazi kabla sijamkabidhi mwenyewe lori lake.

Na Austin mnaikumbuka, ile ya mzee wa Mwandiga iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku. Ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, injini ya petroli, breki za mafuta. Watu wanamcheka anaifufua ya nini. Mimi sicheki. Mji huu hauna desturi ya kuzika chuma. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja kuungwa hapa hapa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Lori lililolaliwa na kuku ni kitu gani?

Tatizo lilianza na tela. Mzee kalinunua kwa wachimba visima waliomaliza mkataba, tela la Kimarekani la ekseli mbili, abebee mapipa ya mawese. Breki zake si za upepo wala si za mafuta. Ni za umeme. Ndani ya kila ngoma ya gurudumu mna sumaku. Ukikanyaga breki, umeme unaingia, sumaku inauganda uso wa ngoma inayozunguka, inaburutwa nayo kidogo, na ule mburuto ndio unaosukuma mkono wa kutanua viatu vya breki. Kwa hiyo nguvu ya kujifunga inatoka kwenye gurudumu lenyewe. Gurudumu likishasimama, mburuto hakuna, ndiyo sababu tela likiegeshwa kwenye mteremko umeme hausaidii kitu. Kabari ni lazima. Nimemwambia mzee mpaka kachoka kunisikia, na bado nimemchongea kabari nikazifunga mnyororo kwenye fremu asije akasema zimeibiwa.

Tela halikunisumbua. Iliyonisumbua ni Austin. Kama magari mengi ya Kiingereza ya enzi zile, chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi. Sumaku hazijali, zipe umeme kwa upande wowote zitavuta. Anayejali ni kontrola, kile kisanduku cha kwenye dashibodi kinachoamua tela lipewe umeme kiasi gani. Hicho kinataka hasi ndiyo iwe bodi, na ukikifungia kinyume kinaungua bila kukuaga. Wapo waliomshauri mzee aweke betri ya pili, ya tela peke yake. Sawa, na ataichaji nani? Nikaamua kuligeuza lori zima. Nikageuza betri, nikabadilishana nyaya za amita na za koili, kisha nikaja kwenye dinamo, ile inayochaji betri. Hapo unachomoa waya wa ncha iliyoandikwa F, unachukua waya mwingine kutoka kwenye ncha ya betri isiyo ya bodi, unaigusisha ile F mara moja tu. Cheche moja ndogo ya buluu. Dinamo ikasahau ilikotoka.

Kisha hesabu. Kila sumaku inakula kama ampea 3, magurudumu manne, jumla 12. Dinamo ya Lucas kama ile ikijitahidi sana inatoa 22, na taa za mbele nazo zinataka chao usiku. Injini ikinguruma taratibu dinamo haitoi kitu cha maana, betri ndiyo inabeba mzigo. Ndiyo maana nilimkatalia mzee ile betri ya mkopo, na ndiyo maana waya niliovuta hadi nyuma ni mnene, na wa kurudi nao nikauvuta wa peke yake. Hapa mjini wengi wanaiachia ndoano ya tela irudishe umeme. Ndoano ina grisi, ina kutu, na inachezacheza. Breki nazo zitachezacheza.

Sasa mtu ameyaona yote hayo kwa tochi, halafu anakuuliza umeiga wapi.

Nimejaribu kuitamka mwenyewe jikoni. Ukipandisha sauti mwishoni ni swali la kawaida. Ukiishusha ni kesi. Yeye alipandisha au alishusha? Jumanne usiku nilikuwa na hakika kashusha. Jumatano asubuhi nikawa na hakika hakufanya lolote, kaitamka bapa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya ambazo hana nia ya kununua. Baba watoto anasema mzee kanisifu. Baba watoto anasifiwa na kila mtu tangu yuko shule, hajui mwenzake anaishi vipi.

Kinachonikereketa ni kwamba vijana wa kiume aliowafundisha sijawahi kusikia akiwauliza hivyo. Mmoja alifunga altaneta kwenye Land Rover kwa waya wa nyumba, nilikuwepo, na Babu akampiga bega akamwambia "umekua". Waya wa nyumba!

Jumatano hiyo hiyo mchana tukaenda kuijaribu. Tela tukalipakia mapipa ya maji, tukatoka nalo upande wa Mwandiga, mwendo, breki, mwendo, breki, maana viatu vipya vinahitaji kusuguana na ngoma mpaka vizoeane. Harufu ilikuwa kali na mzee alitaka turudi. Nikamwambia asubiri. Kuelekea mwisho nikaanza kusikia tofauti, lori linapunguza bila kusukumwa mgongoni.

Tukarudi mjini, tukashika mteremko wa kushukia stesheni. Kontrola ina kishikio cha mkono cha kufunga breki za tela peke yake. Mzee kashika usukani kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa, mimi nimekaa upande wa utingo na kidole kwenye kile kishikio. Nikakisukuma pole pole. Nyuma ukasikika mlio mwembamba wa sumaku, kisha tela likatushika kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni. Tulishuka sehemu yote ile ya mlima mzee hajagusa pedali. Chini akasimamisha, akazima injini, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "We mama," akasema, "we mama wewe." Nilikuwa naona ziwa lote limelala wazi mbele ya kioo na kwa muda ule sikumkumbuka Babu Fundi hata kidogo.

Tulipokuwa tunashusha mapipa ndipo kijana wangu akasema, kama vile anazungumzia mvua, "Dada, ile jana Babu alikuwa ameshika ule uzi."

"Uzi gani?"

"Uliofungia nyaya. Alikuwa anauvutavuta kwa ukucha."

Nyaya zangu sizifungi kwa utepe. Utepe chini ya dashibodi ya lori, na joto la injini lile, gundi inayeyuka, baada ya muda unakuta unaning'inia na vumbi limeugeuza manyoya. Natumia uzi wa nyavu, nanunua Kibirizi kwa wavuvi, naupitisha kwenye nta ya nyuki, halafu nafunga fundo kila baada ya vidole vinne. Kila fundo linajishika lenyewe, ukikata moja mengine hayafunguki. Hilo fundo ni la baba. Jioni alikuwa anashona nyavu uani, mimi nikimshikia upande wa pili, na nikilegeza ananigonga goti kwa ile sindano ya mti. Kwa Babu Fundi sikuwahi kulifunga hata mara moja. Kule tulitumia utepe wake, mweusi, wa kuviringisha, na ole wako uupoteze.

Kwa hiyo huenda alikuwa anauliza fundo. Na kama ni fundo, basi ni kweli nimeiga, na niliyemwiga hakuwahi kufungua boneti ya gari maishani mwake. Tangu kijana aseme hivyo nikiiwaza ile sauti naisikia inapanda mwishoni. Nimeisikia ikipanda mpaka Kasulu msibani, nimekaa na wamama kwenye mkeka, nikajikuta natabasamu, shemeji akaniangalia vibaya.

Ila kijana huyu naye ana tabia ya kusema jambo ili kunituliza. Na siwezi kupiga simu Ujiji nikaanza, "Shikamoo mzee, ile ya Jumanne ulikuwa unauliza nyaya au uzi?" Ataniona nimechanganyikiwa. Mwezi ujao ana kazi ya kufumua umeme wa basi dogo na kaniomba nikamshikie. Nitakwenda na kitita cha uzi mfukoni. Sitasema kitu, nitautoa tu.

Halafu kuna hili. Jana nilipofika gereji nimekuta saluni ya jirani imechorwa X nyekundu ukutani, na duka la mabati upande wa pili nalo X. Kwangu kuna mstari mmoja tu, ule wa kushuka kutoka kushoto. Hakuna aliyewaona waliochora. Rangi iliwaishia, au waliitwa kwenye simu wakiwa katikati? Fundi rangi wa pale kona anasema nisiuguse, kuufuta ni kosa. Mama wa saluni anasema niufute leo usiku, kabla hawajarudi kuumalizia.