Mpira Uliogoma Kubanduka

Kalibu yangu ya kwanza ya mifereji midogo ya kupitishia vimiminika niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwaga PDMS, yaani mpira wa silikoni unaochanganywa sehemu 10 za ute mzito kwa sehemu 1 ya kikazishi, juu ya kaki, yaani kisahani chembamba cha silikoni, yenye kuta nyembamba za SU-8, plastiki inayochongwa kwa mwanga, nikauoka kwa nyuzijoto 80 kwa saa mbili. Nilipouvuta, ulitoka na nusu ya kuta zile zikiwa zimenasa ndani yake. Kiswahili kimeupa mpira huo na elementi ya kaki jina moja, silikoni, kwa hiyo kuanzia hapa nitasema “mpira” na “kaki” tu.

Nililaumu joto, kisha nikalaumu haraka yangu. Kumbe kosa lilifanyika kabla sijamwaga chochote. Kaki iliyo wazi ina utando mwembamba wa oksidi wenye vikundi vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni), na kikazishi kinaweza kuungana navyo wakati mpira unapoiva.

Tangu siku hiyo huifunika kaki kwa silani yenye florini, kemikali ya silikoni inayoshika juu ya kaki. Kichwa cha molekuli yake kina atomi tatu za klorini zinazoachia nafasi ili kiungane na oksidi, na mkia wake wenye florini hubaki umeelekea juu, ambako mpira haupati pa kushika. Baada ya kuisafisha kaki na kuipitisha kwa muda mfupi katika plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme), huiweka ndani ya chombo cha ombwe pamoja na kisahani chenye matone machache ya silani, nikavuta hewa na kuiacha kwenye mvuke huo kwa saa moja. Kazi hii hufanyika ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa sababu silani ikikutana na unyevu hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo huunguza koo na macho.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza matone. Nimewahi kukifuata, nikapata vidoa vyeupe juu ya kaki nzima: silani iliyozidi ilikuwa imeungana yenyewe kwa yenyewe, na kila kidoa kikajichapa kwenye mpira. Chupa inayofunguliwa mara kwa mara huleta balaa lilo hilo, kwa kuwa unyevu wa hewa huanza kazi ndani yake.

Kabla ya kumwaga, hudondosha tone la maji pembeni mwa kaki. Likijikunja kama shanga, naendelea, likitandaa, narudia.

Anayemwaga mpira juu ya kalibu ya mpira ana sababu zaidi ya kufuata hatua hizi, maana vitu hivyo viwili vya asili moja hushikamana hadi visitenganishike. Nami mpira wa kwanza kutoka katika kalibu mpya huutupa: mabaki ya silani yaliyouganda huuzuia kushikana vyema na kioo baadaye.