Hawana Divai

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kila nikipiga magoti linakuja jambo lilelile. Ndoa moja niliyoisimamia hapa Tanga imefika Baraza la Usuluhishi, na kabla haijafika huko ilikwisha kufika kwenye simu zetu. Sauti ya mke akimlalamikia mumewe usiku, maneno ya chumbani kabisa, imetoka grupu hili ikaingia lile. Mimi nimeletewa na watu wa kanisani, tena wameitanguliza na "Mama, umesikia hii?" Aliye nayo aifute leo kabla hajalala. Hilo si ombi.

Katikati ya hayo, baada ya mazoezi ya kwaya nikawakuta mabinti wameinamia simu moja wanatazama yale mahojiano ya Diana wa Uingereza. Mmoja akauliza kama ni kweli mume wake ndiye huyu mfalme wa sasa. Ndiye, Charles. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nivumilieni nisimulie.

Walioana tarehe 29 Julai 1981, Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Yeye miaka 32, binti 20. Inakadiriwa watu milioni 750 duniani waliitazama harusi ile kwenye televisheni. Miezi mitano nyuma, siku ya kutangaza uchumba, mwandishi wa habari aliwauliza kama wanapendana. Diana akajibu upesi kwamba ndiyo, bila shaka. Charles akaongezea kwamba hiyo inategemea kupendana ni nini. Dunia nzima ilisikia, na ikaendelea kununua vikombe vyenye picha zao! Aliyewafungisha ndoa ni Askofu Mkuu wa Canterbury, Robert Runcie, mtu wa kanisa letu hili hili la Anglikana. Alihubiri kwamba mambo ya siku ile ni kama ya kwenye hadithi za watoto, na hilo ndilo watu walilolishika. Alisema pia kwamba hadithi huishia siku ya harusi, ila kwa Mkristo ndipo safari inapoanza. Hilo halikushikwa.

Desemba 1992 Waziri Mkuu John Major akasimama bungeni kutangaza kwamba wametengana. Kipindi hichohicho magazeti yalichapisha mazungumzo yao ya simu yaliyorekodiwa kwa siri, ya mke na rafiki yake wa kiume, halafu ya mume na mpenzi wake, Camilla Parker Bowles. Kwa hiyo hii ya kusambaza sauti za watu hatukuianza sisi. Mwaka 1994 mume akakiri kwenye televisheni kwamba hakuwa mwaminifu baada ya ndoa kuharibika. Novemba 1995 mke naye akajibu kwenye televisheni ya BBC kwamba ndoa ile ilikuwa na watu watatu, ikawa na msongamano. Kwa Uingereza peke yake walimtazama watu wapatao milioni 23. Talaka ikatoka Agosti 1996, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti 1997, Diana akafa kwa ajali ya gari Paris. Aliacha watoto wa miaka 15 na 12.

Kuna jambo lililojulikana baadaye ambalo mabinti wale hawakuwa nalo. Mwaka 2021 uchunguzi wa jaji mstaafu John Dyson ulieleza kwamba mwandishi wa mahojiano yale, Martin Bashir, alimwonyesha kaka yake Diana karatasi za benki za kughushi ili apate njia ya kumfikia dada mtu. Mwanamke amezungukwa na watumishi, walinzi, ndugu na maaskofu, na mtu anayekuja kukaa mbele yake amsikilize amepitia mlango wa uongo.

Sasa twendeni Kana, Yohana 2. Mnaijua, tunaisoma kila harusi, na kwa kuwa tunaisoma harusini tunawahi kuufikia muujiza wa maji kugeuka divai. Tukae kidogo kwa Mariamu. Yeye ni mwalikwa kama walikwa wengine. Ameona divai imekwisha. Pale mezani wamejaa watu ambao wangefurahi sana kuambiwa, na habari ile ingefika Kapernaumu kabla ya jua kuzama. Mariamu hakumgeukia jirani yake wa mezani. Alimgeukia Mwanawe: "Hawana divai." Hakusema ni kosa la nani, wala hakueleza bajeti ilivyopangwa. Kisha akaenda kwa watumishi: lolote atakalowaambia, fanyeni. Basi.

Na tazama matokeo yake. Mkuu wa meza hakujua divai ile imetoka wapi, watumishi walijua. Bwana harusi akaitwa na kusifiwa kwa kitu asichokinunua. Yohana huyu, anayetuhesabia mabalasi sita na ujazo wa kila balasi, hakuandika jina la bwana harusi wala la bibi harusi. Karne ishirini tunaisoma habari ya nyumba iliyopungukiwa, na hakuna anayejua ilikuwa nyumba ya nani. Nampenda sana Yohana kwa hilo. Sisi tungetaja mtaa, na picha ya send-off tungeiambatisha.

Ndugu zangu, hapa naomba niseme kwa ukali kidogo. Tunajua kuandaa harusi! Kamati inakaa miezi. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina; kuna wa chakula, wa ukumbi, wa mapambo, wa usafiri. Asiyelipa ahadi anakumbushwa kwenye grupu hadi anaona haya. Harusi ikipita tunakutana siku moja kuvunja kamati, tunakula salio, tunapiga picha, kila mtu anashika njia yake. Wale waliobishana mpaka saa nne usiku kuhusu rangi ya vitambaa vya meza, miezi sita baadaye hawajui kama maharusi wanaongea. Wakijua, wamejua kwa sauti iliyotumwa.

Watu wa pwani wana somo, yule mama anayemfunda mwari kabla ya ndoa. Somo hamwachi mwari wake ukumbini. Hata baada ya miaka, nyumba ikichafuka, mwari anajua mlango wa kugonga. Kurani ya majirani zetu inaagiza kwamba wawili wakihofiwa kufarakana, aletwe mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hata serikali, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, inataka mgogoro upite kwenye baraza kabla haujafika mahakamani. Sisi wenye Mathayo 18:15, "wewe na yeye peke yenu", ndio tunaoanzia kwenye grupu!

Nitoe ushuhuda. Mume wangu alipoachishwa kazi, nyumba yetu ilipoa vibaya. Hakukuwa na kelele. Ni afadhali kelele. Mtu anakula, anasukuma sahani, anatoka. Jioni moja akaja mama mmoja wa kanisani, sasa ni marehemu, na sukari kaifunga kwenye pembe ya kanga. Hakuuliza kitu. Aliingia jikoni, akaivuta mbuzi, akaikalia, akaanza kukuna nazi niliyokuwa nimeivunja tangu mchana nikakosa nguvu ya kuendelea. Alikuna mpaka kifuu kikawa cheupe, akakung'uta mikono. "Mwanangu, mimi naenda kukaa na mwenzio barazani. Wewe bandika wali." Walichozungumza sikijui mpaka leo, na mume wangu sijamuuliza. Juma lililofuata akaja tena, safari hii na mzee wake, wanaume wakatoka wawili kutembea hadi Raskazone. Haikuisha mara moja. Ila nilikuwa nikiingia kanisani, hakuna jicho hata moja lililoniambia kwamba linajua.

Asije mtu kuutumia ushuhuda huu kumfunga mdomo dada yake. Anayepigwa asiambiwe avumilie ili ukoo usiaibike. Mpeleke hospitali, mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, mpe pa kulala yeye na wanawe. Mariamu hakunyamaza, alisema. Alimwambia anayeweza na wenye mikono ya kuteka maji.

Nilikuwa nimeandaa pia habari ya Daudi na Mikali, naona itabaki fupi. Someni wenyewe. Mikali, binti wa mfalme Sauli, alimpenda Daudi, akamtelemsha dirishani usiku Sauli alipotaka kumuua. Baadaye baba akamwoza mtu mwingine. Kisha siasa za ufalme zikamrudisha kwa Daudi, na yule mume wa pili akamfuata nyuma akilia hadi Bahurimu. Tunapomkuta tena yuko dirishani, anamtazama Daudi akicheza mbele ya sanduku la Bwana, na anamdharau moyoni. Siku ile kila mtu katika Israeli, wanaume kwa wanawake, alipewa mkate. Daudi anarudi kuibariki nyumba yake, na wawili hawa wanakutana kwa maneno ya kuumizana. Katika sura hiyo nzima, 2 Samweli 6, simwoni mtu hata mmoja, nabii wala kuhani, aliyeingia kuketi nao.

Kamati ya harusi ya mwezi ujao inakaa Jumapili baada ya ibada ya pili, na mimi nina ajenda. Siku ya kuvunja kamati, tusivunje yote. Wabaki wawili, mume na mke waliokwisha kuonja shida, watu wenye kifua, wawe wanakwenda kuwaona maharusi mwaka mzima wa kwanza. Wasiende kukagua, waende kunywa chai. Nauli yao iandikwe kwenye bajeti sasa, na mweka hazina asiniambie hakuna fungu, maana keki ya mara iliyopita niliiona.